Uzi: Kujitolea kwenye kikundi cha usalama wa boti Kisumu, kazi yenyewe ni ipi?

NyalendaMoja
Habari za jioni wadau. Nataka kujitolea na kikundi cha usalama wa boti huku Kisumu, Ziwa Victoria, ama Dunga ama mbele zaidi kuelekea Asembo. Naogelea wastani, boti sina, na injini sijawahi kuishika. Mwenye kuijua kazi hii aeleze: mtu wa aina yangu anapewa kazi gani, ajifunze nini kwanza, anunue kifaa gani? Naomba majibu ya kina.

KaraniWaUfuo
Karibu sana. Kuogelea wastani kunatosha, maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika boti ikiwa bado imeegemea mchanga. Anzia kwa BMU (Beach Management Unit, kamati ya kusimamia ufuo) ya ufuo unaoutaka. Kanuni za BMU za 2007 ziliwapa wavuvi wenyewe jukumu la kusimamia ufuo wao, na kikundi kinachowapita kando hakitapata hata nafasi ya kuhesabu majaketi. Leseni na ukaguzi wa vyombo vidogo ni kazi ya mamlaka ya bahari, KMA. Kukamata ni kazi ya polisi na Walinzi wa Pwani, waliowekwa kwa sheria ya 2018. Wewe wa kujitolea huna uwezo wa kuizuia boti. Ukianza kumtishia nahodha, kesho atapakia abiria mita mia tatu kutoka hapo uliposimama.

Kazi ya kwanza utakayopewa ni daftari, na usiidharau. Kila boti inapoondoka andika jina na namba ya usajili, rangi ya ubavu (ndiyo inayoonekana kwa mbali), jina la nahodha, idadi ya watu na watoto wakiwa kando, inakoelekea, saa ya kuondoka, saa inayotarajiwa kufika, na namba ya simu ya mtu aliye nchi kavu. Namba ya nahodha peke yake haitoshi: boti ikizama, simu yake imezama nayo.

Watu wahesabiwe kichwa kwa kichwa, usimwulize nahodha. Uokoaji mwingi huharibikia hapo. Watu kumi na mmoja wameopolewa na hakuna ajuaye kama walipanda kumi na mmoja au kumi na wanne. Basi ama msako unasitishwa mapema, ama waokoaji wanahatarisha maisha usiku kucha wakitafuta wasiokuwapo.

NyalendaMoja
Asante mkuu. Na boti ikichelewa, tunasubiri hadi lini kabla ya kupiga kelele?

KaraniWaUfuo
Muda huo huwekwa kabla, si siku yenyewe. Kwa boti ya abiria, dakika 30 baada ya saa iliyoandikwa ni nyingi tayari. Kwa wavuvi wa mbuta (sangara) au omena (dagaa), ambao samaki ndio huwapangia saa, muda wa saa mbili. Kukiwa na radi au upepo, punguza muda huo kwa nusu.

Hatua zenyewe: piga simu ya nahodha, kisha ya mtu wa nchi kavu, kisha ufuo inakoelekea na fuo zote zilizo njiani, maana boti nyingi zinazodhaniwa kupotea zimeingia ufuo mwingine kukwepa mawimbi. Ukikosa jibu, polisi kwa 999 au 112 na Walinzi wa Pwani walio karibu. Msalaba Mwekundu wana 1199. Andika saa ya kila simu uliyopiga. Na lile daftari lina namba za watu, kwa hiyo lisiachwe juu ya meza ya hoteli.

NahodhaMbita
Niongeze upande wa shehena na hali ya hewa, ndiko vifo vinakotoka.

Shehena kwanza. Usihesabu watu tu, tazama ubavu. Pimeni umbali kutoka maji hadi ukingo wa juu wa boti ikiwa imepakiwa kwa kiasi, mchore mstari wa rangi pande zote mbili, omo (mbele) na tezi (nyuma). Mstari ukizama, mtu mmoja ashuke au gunia lishuke. Mstari unamaliza mabishano kwa sababu hata abiria anauona.

Pili, maji ya ndani. Watu huyachukulia kama kero ya miguu tu. Chukua boti ya mita 8 yenye sakafu ya upana wa mita moja: maji ya kina cha sentimita 5 ni lita 400, yaani kilo 400, karibu uzito wa watu sita. Na watu hao sita hawakai kitako. Boti ikiinama kushoto, wote wanakimbilia kushoto. Ndiyo maana boti inayovuja kidogo kwenye maungo, kalafati yake (pamba ya kuziba nyufa za mbao) imelegea, hupinduka kwa wimbi ambalo jana ililivuka bila shida. Kabla ya kuondoka maji yakombwe hadi sakafu ionekane, na kuwe na vikombeo viwili, si kimoja. Mtungi wa lita 5 uliokatwa mshazari unafaa kabisa, lakini ufungwe kwa kamba, la sivyo ndio wa kwanza kuelea zake.

Magunia na makreti yakae chini katikati. Watu wakae, wasisimame, wala wasikalie ukingo. Hatari kubwa ya kusimama iko karibu na ufuo, pale kila mtu anapotaka kushuka wa kwanza. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imebakisha kitambo kidogo tu kufika gati la Ukara kule Tanzania. Ilisajiliwa kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Kwa hiyo kazi ya mtu wa ufuoni haimaliziki boti inapoonekana. Asimame pale inapotua, atoe amri ya kushuka mmoja mmoja kutokea omo.

Sasa hewa. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, upepo unavuma kutoka pande zote kuingia ziwani, unakutana katikati na kupanda juu. Hapo ndipo mawingu ya radi hujengeka, na kilele chake ni usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile wavuvi wa omena wako na taa zao majini. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujengeka juu ya milima ya Nandi na Kericho. Ghuba ya Winam ina kina kifupi na imenyooka kwa kilomita 60 hivi kutoka mashariki hadi magharibi. Upepo wa alasiri kutoka magharibi huisafiria yote, ukifika upande wa Kisumu mawimbi ni mafupi, yamesimama wima, na hayana nafasi kati yake. Boti ndefu inaingiza omo kwenye wimbi la pili kabla haijatoka kwenye la kwanza.

Anayevuka ghuba na avuke asubuhi baada ya kuhakikisha radi ya usiku imekwisha. Wingu jeusi lenye kichwa kilichotanda kama fuawe la fundi chuma, halafu upepo unakatika ghafla na kisha unakuja wa baridi kutoka upande wa wingu: huo ni upepo wa mvua yenyewe, una dakika chache tu. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Chini ya sekunde 30, hakuna boti kuondoka, na ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, wenye upepo na mawimbi. Kazi ya kikundi ni kuuandika kwa chaki kwenye ubao pale penye mizani ya samaki, kwa Kiswahili na Dholuo, kabla ya saa kumi jioni.

MtoNzoia
Nauliza juu ya majaketi. Huku kwetu Budalang'i kikundi kilipewa majaketi ya povu, watu hawayavai. Je, si afadhali yale ya kujazwa hewa kwa mtungi mdogo?

NahodhaMbita
Ya hewa ni mazuri kwa mhudumu aliyefundishwa. Kwa abiria na mvuvi, hapana. Ndoana inalitoboa jaketi, hakuna anayejua. Ule mtungi wa gesi ukishapasuka mara moja lazima ubadilishwe, na jaketi lenye mtungi mtupu linafanana kabisa na lenye mtungi mzima. Msichukue kama hamna mitungi ya akiba mkononi.

Nguvu ya kuelea huandikwa ndani ya jaketi kwa niutoni. La 50 ni la kumsaidia anayejua kuogelea, halitamgeuza aliyezimia uso juu. Abiria apewe 100 au zaidi. Boti ya uokoaji, 150.

KaraniWaUfuo
Hapo natofautiana nawe kidogo, Nahodha. Ukimpa mvuvi wa omena jaketi nene la 100 ataliweka chini ya kiti, kwa sababu anavuta wavu na jaketi linashika kila kifundo. Jembamba la 50 analivaa usiku kucha. Lililovaliwa linamshinda ndugu yake aliyelala chini ya kiti.

NahodhaMbita
Kwa mvuvi anayeogelea na anayevuta wavu, nakubali. Kwa abiria sikubali, hana anachovuta. Na mtoto asipewe la mtu mzima likakazwa tu: mwili unachomokea chini. Majaketi ya watoto huchaguliwa kwa kilo zilizoandikwa kwenye lebo, na lazima liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mwinue mtoto kwa mabega ya jaketi. Kidevu kikizama ndani, ni kubwa.

KaraniWaUfuo
Sawa. MtoNzoia, sababu ya watu kukataa kuvaa mara nyingi ni harufu na unyevu. Majaketi yakirundikwa yakiwa mabichi yananuka shombo, na povu likikaliwa kama mto linabonyea, vijitundu vyake vya hewa vinapasuka na halirudi tena. Yaosheni kwa sabuni ya kawaida na maji safi, myatundike kivulini kwenye waya. Jua kali linaoza kitambaa na nyuzi. Yapewe namba. Tena yagawiwe ufuoni, mtu avae na kufunga kabla ya kukanyaga boti. Lililofungiwa omoni chini ya mizigo ni la kuonyesha mkaguzi.

Kila miezi sita pimeni. Jaketi la niutoni 100 lililo zima hubeba takriban kilo 10 ndani ya maji. Lifungieni kilo 10 za chuma, mfano vipande vya nondo au mawe ya mizani, mliachie majini. Chuma cha kilo 10 kikiwa majini huvuta kama kilo 8.7, kwa hiyo jaketi zima litaelea nacho. Likizama, limepoteza zaidi ya kumi kwa mia ya nguvu zake: likateni mikanda lisirudi kazini. Msitumie jiwe la kawaida, maana jiwe majini hupungua hadi kama kilo 6 na jaketi bovu litafaulu.

FundiInjini
Boti ya uokoaji isiyowaka ni kuni tu, kwa hiyo sikilizeni huku.

Injini nyingi za hapa ni zile za kuchanganya oili, za nguvu ya farasi 15, 25 au 40. Mchanganyiko wa kawaida ukishapita muda wa kuizoesha ni 50 kwa 1: mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Oili iwe ile ya injini za boti, si ya pikipiki. Kuzidisha oili hakuilindi injini, kunachafua plagi hadi inakataa kuwaka asubuhi yenye baridi. Petroli iliyokaa miezi miwili mitatu kwenye mtungi, msiitegemee kwa uokoaji. Ipelekeni kazi nyingine mjaze mpya.

Mafuta hugawanywa mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Ya farasi 40 ikifunguliwa kabisa hunywa karibu lita 20 kwa saa, kwa hiyo mtungi mmoja wa lita 20 kwa msako wa usiku ni mzaha.

Kila siku ya zamu: iwasheni dakika tano ikiwa majini, mwone uzi wa maji ukitoka nyuma kwa nguvu. Ukitoka dhaifu, ama tundu limezibwa na gugumaji ama ile pangaboi ndogo ya mpira ya pampu imechakaa. Maji ya ghuba yana tope, linaila mpira huo, kwa hiyo ubadilishwe kila mwaka hata kama unaonekana mzima. Mkiingia kwenye gugumaji msikandamize moto. Punguza, weka gia ya kurudi nyuma kidogo ili propela itapike majani, kisha songa. King'ora kikilia au mvuke ukitoka, zima, inua injini, ng'oa kwa mkono. Zima kabisa, usiweke tu gia katikati.

Sanduku la boti: plagi mbili za akiba na spana yake, pini za propela kama yenu inatumia pini, kamba ya kuwashia, koleo, chujio la mafuta, tochi ya kichwani, na makafi mawili. Ile kamba nyekundu ya kuzimia injini ifungwe kwa nahodha muda wote. Nahodha akirushwa majini bila hiyo, boti huzunguka na kumrudia ikiwa na propela.

NyalendaMoja
Nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Siku boti imepinduka kweli, tukifika pale tunafanya nini?

NahodhaMbita
Wahudumu wasipungue watatu: nahodha, wa kuopoa, na wa kutazama asiyeondoa macho kwa aliyeko majini hata akiitwa. Njooni kutoka upande upepo unakoelekea, omo likitazama upepo, polepole. Mkija kutoka upande wa pili boti inasukumwa juu ya mtu. Mita chache kabla ya kumfikia, injini izimwe.

Wakiwa wengi msiingie katikati yao. Mikono kumi ikishika ubavu mmoja mmepinduka nanyi. Simameni mbali, tupeni vya kuelea kwanza. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko unabeba karibu kilo 19, na mtu majini anahitaji kilo chache tu kichwa kibaki juu, kwa hiyo mtungi mmoja unawatosha watatu au wanne wakiushika bila kuupanda. Kisha waopoeni mmoja mmoja, wasio na jaketi na watoto kwanza, mhudumu mwingine akikaa ubavu wa pili kusawazisha. Boti ya mbao iliyopinduka kwa kawaida huendelea kuelea. Fundisheni hilo kila ufuo: shikilieni boti, msiogelee kufuata taa za nchi kavu, taa usiku zinaonekana karibu kuliko zilivyo.

Kamba ya kurusha: mita 20, unene wa milimita 8 hadi 10, ya aina inayoelea. Kateni kipande mtie kwenye ndoo kabla ya kununua, nailoni inazama na itaingia kwenye propela. Mwishoni fungeni mtungi wa lita 5 wenye nusu lita ya maji, uzito huo unausaidia kuruka dhidi ya upepo. Lenga uupitishe juu ya bega la mtu, upande upepo unakotoka, kamba imwangukie.

Mtu haonekani? Tupa majini pale alipoonekana mwisho mtungi uliojazwa maji nusu, una taa ya sola au kitambaa cheupe. Umezama kiasi cha kutosha usisukumwe na upepo, utasafiri na mkondo kama yeye. Kisha zungukeni kwa miraba inayopanuka: mita 100 mbele, kunja kulia, 100, kunja kulia, 200, 200, 300, 300. Maji yakichafuka anzeni na 50. Kila dakika chache zimeni injini, nyote kimya, mpulize filimbi na kusikiliza. Usiku sikio linashinda tochi.

SistaWaDharura
Naomba nafasi, maana hapa ndipo desturi mbaya zinaua.

Msimning'inize kichwa chini. Msimkandamize tumbo kutoa maji. Maji ya tumboni hayamzuii kupumua, na yakitoka yanaingia mapafuni. Mlaze chali juu ya kitu kigumu, inua kidevu, tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Hapumui vizuri? Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo anza na pumzi 5, mdomo kwa mdomo ukimbana pua, kila pumzi hadi kifua kiinuke. Halafu kandamiza kifua mara 30 katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, endelea 30 kwa 2. Badilishaneni kila dakika mbili, mikono ikichoka kina kinapungua bila mwenyewe kujua. Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulipangusa, pulizia. Kwenye boti inayoyumba jaribuni angalau pumzi mkikimbia ufuoni.

Anayepumua lakini hajitambui, mlaze ubavu. Vua nguo mbichi, mfunike. Maji ya ziwa letu si ya baridi kali, lakini saa kadhaa ndani yake zinatosha kumtetemesha mtu hadi akili ichanganyike. Na kila aliyemeza maji akakohoa au kuzimia apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, mapafu yanaweza kujaa saa kadhaa baadaye. Anayekataa, mwenzake abaki naye na kuhesabu pumzi.

Jambo jingine kwenu wa kujitolea: kichocho kimejaa kandokando ya ziwa, hasa penye nyasi na konokono. Mnaofanyia mazoezi majini pimweni choo na mkojo kila mwaka. Dawa ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtu, na inafanya kazi vizuri. Mazoezi fanyieni maji ya wazi, si kwenye matete. Hapo kwenye matete pia kuna viboko, na hatari kubwa ni boti kukaa kati ya kiboko na maji ya kina anayokimbilia.

MtoNzoia
Je, haya yote yanatumika mtoni? Sisi tunavusha watu Nzoia wakati wa mafuriko.

NahodhaMbita
Majaketi na hesabu, ndiyo. Mengine hapana. Mtoni adui ni mti ulioanguka: maji yanapita kati ya matawi, mtu hapiti. Aliyeanguka alale chali, miguu mbele ikielekea mkondo unakokwenda, aogelee mshazari kuelekea ukingo. Mrusha kamba asimame chini ya mkondo kuliko mahali pa kuvukia, na kamwe asijifunge kamba kiunoni.

NyalendaMoja
Swali la mwisho. Nina pesa ya kifaa kimoja tu kwa sasa.

KaraniWaUfuo
Filimbi ya plastiki isiyo na kigololo ndani, na mfuko wa simu usioingia maji. Hivyo viwili havifiki bei ya jaketi. Jaketi la zamu utapewa na kikundi, lakini lijaribu majini kabla ya kulivaa kazini. Hiyo kamba ya Nahodha tengeneza mwenyewe, kisha uirushe kwenye uwanja wa nyasi kulenga tairi mita 15 mbele yako hadi iangukie ndani mara nane kati ya kumi, kwa mkono wowote, na uweze kuikunja tena na kurusha ndani ya sekunde 20. Mrusho wa kwanza hukosea mara nyingi, wa pili ndio wanaochelewa nao. Njoo ufuoni saa kumi jioni, kabla boti za omena hazijatoka, umwombe katibu wa BMU ukae pembeni ya mwenye daftari.